Nimetubu. Na Haki za Watu Je?

Barua za safari hii zimetoka Tandahimba, Newala, Nachingwea, Masasi, Kilwa Masoko na Lindi mjini. Nyingi zinagusa jambo moja. Mtu amekata shauri kumfuata Kristo, kesho yake anaamka na kukuta mambo ya jana yako palepale: madeni, marafiki, simu, na mwenzi anayelala naye bila ndoa. Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu msimu wa korosho umekaribia, na wanaoguswa nalo ni wengi kuliko wanaothubutu kuuliza.

Bwana Yesu asifiwe. Kwa misimu mitatu nilifanya kangomba, yaani kununua korosho za wakulima nje ya mfumo rasmi. Nilikuwa nawakopesha watu fedha miezi ya njaa, wakianza kuokota korosho nachukua kwao kwa Sh 1,200 kilo. Na kopo langu la kupimia, nililoliita kilo, lilikuwa linabeba kilo na robo. Nimeokoka mwezi wa nne. Mchungaji ameniambia ya kale yamepita. Lakini kuna nyumba ya mama mmoja pale kijijini, nikipita mbele yake moyo unadunda. Je, bado nadaiwa, au msalaba ulishalipa? (Msomaji, Tandahimba)

Bwana asifiwe sana, kaka. Mbele za Mungu hudaiwi. Ukiungama, Yeye ni mwaminifu na wa haki, anaondoa dhambi na kusafisha udhalimu wote (1 Yohana 1:9). Hilo usiliongezee kitu wala usilipunguze. Lakini yule mama hajapata kilo zake. Msalaba umefuta hatia yako kwa Mungu, haukumlipa jirani yako.

Mchungaji wako amesema kweli kutoka 2 Wakorintho 5:17. Mtume huyohuyo anawaandikia Waefeso kwamba mwibaji asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji (4:28). Kiumbe kipya ndiye mwenye nguvu ya kurudisha, maana yule wa zamani asingerudisha hata kopo moja. Tazama pia mpangilio wa mambo katika Luka 19. Yesu alimwita Zakayo kwa jina na kujikaribisha nyumbani kwake kabla Zakayo hajatoa hata senti. Neema ilitangulia, ndipo Zakayo akasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowanyang'anya kwa hila atawarudishia mara nne. Anayelipa ili asamehewe amegeuza mpangilio huo, na atachoka njiani.

Sasa hesabu. Walawi 6:1-5 inamtaka aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe kikamilifu, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe. Chukua mama aliyekupimia makopo 40. Ulimlipa kilo 40, yeye alikupa kilo 50. Kilo 10 ulizibeba bure. Usizipige kwa Sh 1,200 yako, kwa sababu bei hiyo nayo ni sehemu ya kosa. Uliza kwenye chama cha msingi cha ushirika mkulima alibakiwa na kiasi gani kwa kilo baada ya makato katika minada ya msimu ule, kumbukumbu zipo. Tuseme ilikuwa Sh 2,000. Kilo 10 ni Sh 20,000, ongeza sehemu ya tano, yaani Sh 4,000. Deni la kopo ni Sh 24,000.

Zinabaki zile kilo 40 ulizozilipia pungufu ya Sh 800 kila moja, jumla Sh 32,000. Hapa walimu wa Neno hutofautiana. Wapo wanaosema bei ilikuwa ya makubaliano, basi yaishe. Sisi hatukubaliani nao. Soma Nehemia 5. Wale Wayahudi waliokuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu yao walikuwa wamekubali pia, kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Nehemia hakuuliza kama walikubali. Aliwaambia wakopeshaji warudishe siku ileile. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza maskini riba, na fedha uliyompa mama huyu wakati ghala lake liko tupu, ukaja kuidai kwa korosho za bei ya chini, ilikuwa riba iliyovaa nguo nyingine. Rudisha hizo Sh 32,000 pia. Kama una moyo wa kuongeza sehemu ya tano humo, ongeza, ila hatukuwekei sheria.

Anza na daftari. Kaa na mkeo, mwambie yote kabla hujamwambia mtu wa nje, maana fedha itakayotoka ni ya nyumba yenu wote wawili na asije akasikia kisimani. Andikeni majina, msimu kwa msimu, na makopo kwa kadiri unavyokumbuka. Ukiwa na shaka kati ya 30 na 40, andika 40. Weka juu ya orodha wajane, wazee na wale waliokuuzia kwa sababu ya mgonjwa. Hao walipwe kwanza hata kama deni lao ni dogo.

Fedha ikiwa haitoshi, ambayo ndiyo hali ya wengi, usikimbilie kukopa kwa mtu mwingine wa riba ili uonekane umemaliza. Nenda kwa mdai, mtajie jumla yote, mpe kiasi ulichonacho na tarehe ya kinachofuata. Kulipa kwa awamu ni kulipa. Usipoitaja jumla, huo ni ujanja wa zamani umerudi kwa mlango wa nyuma.

Ukifika kwa yule mama, usiseme "kama nilikukosea nisamehe." Neno "kama" linamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Sema hivi: "Shikamoo mama. Kopo langu lilikuwa linazidi robo kilo na mimi nilijua. Hizi ni haki yako." Kisha nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kukutukana, anaweza kuita wanawe. Usimbane akusamehe palepale, na usimnukulie mistari ya kusamehe. Wala usiende na mtu wa kupiga picha.

Watu hukosea zaidi katika mambo mawili. La kwanza, wanachukua fedha ya dhuluma wanaipeleka kanisani kama sadaka ya shukrani, wanaona wametakasika. Mathayo 5:23-24 inaagiza kinyume: acha sadaka yako mbele ya madhabahu, nenda kwanza upatane na ndugu yako. Fedha ya yule mama si yako kuitoa, hata kwa Mungu. La pili linahusu waliokwisha kufariki. Hesabu 5:8 inaelekeza malipo kwa ndugu wa karibu, na asipokuwepo hata mmoja, kwa Bwana. Kwetu Kusini, ambako kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao urithi mara nyingi ulifuata upande wa mama, usimpe wa kwanza kunyoosha mkono. Ita watoto wa marehemu na mjomba wao pamoja, taja kiasi mbele ya wote, waamue. Asiyejulikana kabisa alipo, fungu lake wape maskini wa kijiji kilekile.

Na sheria je? Kangomba imekatazwa, na toba haikupi kinga ya mahakama. Ukiulizwa, usidanganye. Kama kiasi ni kikubwa, onana kwanza na wakili au msaidizi wa kisheria, ujue unachoingia. Usitumie ushauri huo kuahirisha malipo.

Lile kopo livunje. Usimwachie mdogo wako.

Tumsifu Yesu Kristo. Katika kikundi chetu cha maombi dada mmoja aliungama hadharani uzinzi wake. Wiki haikuisha, mji mzima ulijua, na ndoa ya mtu mwingine ikavunjika. Je, ni lazima kutaja dhambi mbele ya watu? (Msomaji, Newala)

Milele amina. Hapana, si lazima, na tunasikitika sana kwa lililompata dada huyo. Maungamo yasivuke mipaka ya dhambi yenyewe. Dhambi ya moyoni, iliyo kati yako na Mungu, ungama kwa Mungu. Ukiwa umemkosea mtu, ungama kwake. Uliyoitenda wazi mbele ya kanisa lote, kanisa liambiwe, kwa maneno machache na bila kumtaja mwenzako. Jina la mtu wa pili si mali yako kulitangaza, hata ukiwa unalia kwa toba ya kweli.

Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana. Haikusema kwa umati. Chagua mkristo mmoja aliyekomaa, wa jinsia yako, ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri ya mwingine. Hicho kipimo cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote: anayekuletea siri za watu leo, kesho atapeleka ya kwako.

Kwa Mkatoliki ipo sakramenti ya Kitubio, na padre amefungwa na siri ya maungamo bila ubaguzi wowote. Hawezi kumwambia mumeo, askofu, wala polisi. Waanglikana nao wana maungamo kwa kasisi kwa anayehitaji, na Walutheri wana maungamo ya pamoja ibadani na ya faragha kwa mchungaji. Viongozi wa vikundi vya maombi, tafadhali sana: mtu akianza kutaja mambo ya chumbani mbele ya watu 30, mkatishe kwa upole, mtoe pembeni na mtu mmoja. Hamtamzuia Roho Mtakatifu kwa kufanya hivyo.

Mume wangu amekunywa nipa, ile pombe kali ya mabibo, kila siku kwa miaka mingi. Mwezi uliopita alitubu kanisani akaacha siku hiyohiyo. Siku ya pili akatetemeka, akatoka jasho, usiku uliofuata akawa anaona wadudu ukutani. Wazee wakasema ni mapepo, wakaomba hadi asubuhi. Kulipokucha akanywa kidogo, akatulia. Sasa anasema hakuokoka. (Mama wa watoto wanne, Nachingwea)

Pole sana, mama. Mwambie mumeo kwamba kilichomtokea hakithibitishi kuwa hakuokoka. Mwili uliozoea pombe kali kila siku, ukinyimwa ghafla, huasi. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege inaweza kuja kati ya saa 6 na saa 48. Kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, kama wale wadudu, huja hasa siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo inaweza kuua. Ndiyo maana alipokunywa kidogo alitulia. Pepo hajadanganywa kwa kikombe cha nipa; mwili umepewa ulichokuwa unakidai.

Basi asiache tena akiwa nyumbani peke yake. Mnywaji wa kila siku kwa miaka, anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, au aliyewahi kupata degedege, aache akiwa chini ya uangalizi wa tabibu. Anzieni hospitali ya wilaya, au nendeni hospitali ya Ndanda. Walio Mtwara wana Ligula na hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, walio Lindi wana hospitali ya Sokoine. Mwelezeni tabibu ukweli wa kiasi anachokunywa, msipunguze kwa aibu. Kuna dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu kwa siku kadhaa, na kuna vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa amepungukiwa na ubongo wake unaumia kwa kuikosa. Wazee waje waombe pale wodini. Maombi na dawa havijawahi kugombana.

Wiki hiyo ya hatari ikipita ndipo kazi ya roho inapoanza sawasawa. Yesu alisimulia juu ya pepo aliyemtoka mtu, akarudi akakuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akachukua wengine saba (Mathayo 12:43-45). Taabu ya nyumba ile ilikuwa utupu. Jiulizeni: saa kumi jioni mumeo alikuwa wapi, na nani, akiongea nini? Hiyo saa haitakaa wazi. Isipojazwa na kazi, mazoezi ya kwaya, bustani, au kumtembelea mzee mgonjwa pamoja na mwenzake wa kanisani, itajazwa na kilabu. Marafiki wa kilabuni ndio jamaa pekee aliokuwa nao, kwa hiyo kanisa likimtaka awaache, limpe watu wengine wa kukaa nao, kwa majina na kwa siku.

Na mjiandae kwa msimu. Mabibo yakianza kuanguka, harufu ya uraka, pombe ya mabibo yaliyochacha, iko kila njia, fedha ya korosho iko mfukoni, na ndipo wengi walioacha tangu Pasaka wanarudi. Kubalianeni mapema fedha ya mnada inaingia kwenye simu ya nani na inapangiwa nini kabla haijafika. Mabibo ya shambani kwenu yaokoteni mapema kila siku, mle, mkamue juisi ya kunywa siku hiyohiyo au myakaushe, maana yakilala yanaanza kuchacha yenyewe. Kumbakiza ndani ya nyumba mtungi wa uraka "wa wageni" ni kumwekea mumeo mtego.

Sisi ni wazazi wakristo. Babu wa upande wa mama anataka kijana wetu aingie jandoni Juni hii, na mchungaji kijana amesema ni kurudi kwenye giza. Tufanye nini? (Wazazi, Masasi)

Mko Masasi, mahali ambapo swali hili lilishajibiwa kwa uangalifu kuliko karibu popote. Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walifika hapo mwaka 1876, na Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakuipiga marufuku jando wala hakuiacha ilivyo. Tohara ilibaki, mafundisho ya adabu na utu uzima yakabaki, sala na baraka za kanisa zikaingia, na mambo yaliyopingana na imani yakaondolewa. Watu wamebishana tangu hapo kama mipaka aliiweka mahali sahihi, lakini njia yenyewe ni ya Biblia: jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema (1 Wathesalonike 5:21).

Waefeso 4:22 inatuambia tuvue utu wa kale unaoharibika kwa tamaa zenye kudanganya. Haijasema tuvue umakonde au umakua wetu. Kumheshimu mjomba, kujifunza kutunza mke na kuvumilia taabu si dhambi za kutubia. Kaeni na babu, mshikeni mkono, mwulizeni moja baada ya jingine: nani anatahiri, na wapi? (Iwe hospitalini au kwa mhudumu wa afya, kwa wembe wa mtoto mmoja mmoja.) Kuna kafara au tambiko kwa mizimu? Kuna nyimbo na maagizo yanayomtuma kijana akajaribu kwa msichana akitoka? Atapoteza siku ngapi za shule? Hayo matatu, tambiko, uasherati na kuacha shule, yakataeni bila kuyumba. Yanayobaki msaidieni babu ayafanye vizuri, na mwombeni mzee wa kanisa anayeaminika awe mmoja wa walimu. Kwa binti na unyago ni vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi pale anapofundwa mambo ya ndoa akiwa na miaka 10.

Tumeishi pamoja miaka 9 bila ndoa, tuna watoto wawili, wote tumeokoka mwaka huu. Hatuna fedha za harusi. Tutengane kwanza? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Fungeni ndoa, dada, wala msingojee ukumbi. Ndoa inahitaji nyinyi wawili, hiari yenu, mfungishaji mwenye leseni na mashahidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe angalau siku 21 kabla, kwa hiyo nendeni kwa mchungaji au padre wiki hii mkaanze kuhesabu. Mahari isiyolipwa isiwazuie. Zungumzeni na wajomba, mtoe kidogo, kingine kiandikwe deni.

Katika hizo wiki chache laleni vyumba tofauti, au mmoja ahamie kwa ndugu kama nyumba ni chumba kimoja. Watoto wasivurugwe na kutengana kwa muda mrefu kusikokuwa na tarehe. Kama mmoja wenu ana ndoa nyingine isiyovunjwa kisheria, ushauri huu haufai kwenu: mwoneni kiongozi wenu ana kwa ana kabla ya hatua yoyote.

Natazama picha za uchi kwenye simu. Natubu Jumapili, Alhamisi nimerudi. 1 Yohana 3:9 inasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Basi mimi ni nani? (Kijana, Lindi mjini)

Soma barua hiyo tangu mwanzo. Yohana huyohuyo, katika 1:8, anasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya, na katika 2:1 anasema mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba. Anayemshutumu kwenye sura ya tatu ni mtu aliyehamia dhambini na kupanga nyumba, analala usingizi wala haumwi. Wewe unaumwa. Petro alimkana Bwana mara tatu, naye Bwana akamwuliza mara tatu kama anampenda, kisha akampa kazi (Yohana 21).

Lakini umetubu kwa maneno matupu, na simu bado unalala nayo. Umetaja Alhamisi: chunguza Alhamisi ina nini. Upweke? Uchovu? Bando la ofa ya usiku? Saa tatu usiku simu ikachajiwe sebuleni, ununue saa ndogo ya mezani kwa ajili ya kuamka. Futa programu na uondoke kwenye makundi yanayotuma picha hizo, hata kama ni ya wenzako wa shule. Ukianguka, tubu usiku huohuo; kungoja Jumapili kunakupa siku tatu za kusema "nimeshaharibu, basi niendelee," na humo ndimo dhambi inaponenepea. Na mwambie mwanamume mmoja mkubwa kuliko wewe, akuulize kila Ijumaa asubuhi swali moja la wazi, nawe ujibu ndiyo au hapana. Kama unalala chumba kimoja na kaka yako, mwanzie yeye, leo kabla hamjazima taa.